"Chama cha Heshima": Istilahi Ipotoshayo

Miongoni mwa istilahi za vyuo vikuu vya Marekani zinazomtatiza mfasiri ni ile itajayo jumuiya za namna ya Xi Sigma Pi, iliyoanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Washington kwa ajili ya wanafunzi wa misitu. Mfasiri afuataye neno kwa neno huandika "chama cha heshima". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili.

Kwanza, neno "heshima" katika mazingira ya chuo limekwisha kushika maana nyingine. Shahada ya heshima hutunukiwa mtu asiyeisomea. Mwanachama wa Xi Sigma Pi huteuliwa kwa sababu amesoma na kufaulu vyema. Afisa wa ajira akikuta "chama cha heshima" katika maelezo ya mwombaji, atadhani uanachama huo ni tunu tu, na juhudi ya miaka itapotea kwa neno moja.

Pili, "chama" hudokeza kwamba alipaye kiingilio hupokewa. Hapa hutangulia matokeo ya masomo.

"Jumuiya ya wateule" ingekuwa fupi, lakini haielezi wameteuliwa kwa lipi. Twapendekeza "jumuiya ya wanafunzi bora wa misitu na maliasili". Neno "maliasili" limekwisha kuzoeleka. Halina haja ya kuguswa. Jina lenyewe, ambalo ni herufi tatu za Kigiriki, libaki lilivyo.

Istilahi hii ni ndefu, lakini urefu usemao kweli ni bora kuliko ufupi upotoshao.