Ufundi wa Ekzosi katika Gari-Nyumba la Zamani

Ekzosi ni njia ya chuma inayopokea moshi kutoka kwenye injini na kuutoa nje ya gari. Huanzia kwenye manifoldi iliyofungwa ubavuni mwa injini, hufuata bomba refu, kisha sailensa, na kuishia kwenye bomba la nyuma. Katika lori la mizigo, njia hiyo huipa injini pumzi, hupunguza kelele na huuweka moshi mbali na dereva. Katika gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, kazi hiyo ya mwisho hutangulia zote, kwa sababu juu ya bomba kuna sakafu, na juu ya sakafu kuna watu waliolala. Heshima ya fundi wa ekzosi inaanzia hapo.

Adui anayezuiwa ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Volkswagen Kombi, lililoanza kuundwa Ujerumani mwaka 1950 na baadaye likabeba watalii katika mbuga za Kenya na Tanzania, linaonyesha hatari hiyo vizuri. Injini yake ya zamani iko nyuma na hupozwa kwa hewa. Joto la kupasha chumba hupatikana kwa kupitisha hewa kando ya mabomba ya ekzosi. Kutu ikitoboa bomba hapo, sumu huingia chumbani pamoja na joto. Kwa hiyo marekebisho ya ekzosi huanza na ukaguzi: alama nyeusi za masizi kwenye maungio, gasketi zilizoungua na vyuma vilivyoliwa na kutu. Gasketi za magari ya zamani huenda zina asbesto; hulowanishwa kwanza na kubanduliwa taratibu, bila kusagwa zikiwa kavu.

Nyanda za juu za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, zina somo lake. Katika mwinuko wa mita 1,500 kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban sehemu moja ya sita ikilinganishwa na pwani. Injini ya petroli yenye kabureta iliyorekebishiwa Dar es Salaam hufika huko ikimeza petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na mdomo wa ekzosi hujaa masizi meusi. Fundi mwenye subira hurekebisha kabureta kabla ya kushika msumeno. Moshi wa buluu humwambia kuwa injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto humwambia kuwa maji ya rejeta yanavuja ndani. Bomba jipya haliponyi ugonjwa wa injini.

Baada ya hapo huchaguliwa unene wa bomba. Bomba jembamba hubana moshi na kuipunguzia injini nguvu kwenye mlima. Lililo pana kupita kiasi huufanya moshi upoe na kupunguza kasi, na msukumo unaosaidia kuvuta mabaki kutoka kwenye silinda hudhoofika. Kipimo cha kiwandani ndicho pa kuanzia. Chuma cha kawaida hukubali kuchomelewa kwa urahisi, lakini huoza kwa ndani, maana kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, na katika safari fupi mengi hutuama kwenye sailensa. Tundu dogo kwenye sehemu yake ya chini kabisa huyatoa. Bomba la maji lililopakwa zinki huvutia kwa bei, ila zinki hiyo ikichomelewa hutoa mafusho yanayomletea fundi homa na kutetemeka.

Kukunja bomba ndiko kunakoonyesha mkono wa fundi. Fundi wa Kayanga au Omurushaka, huko Karagwe, asiye na mashine ya kukunjia anaweza kutumia mchanga. Huziba ncha moja kwa kizibo cha mti, humimina mchanga uliokaangwa ukakauka kabisa, hugonga ubavu wa bomba hadi mchanga ushindiliwe, kisha huziba ncha ya pili. Mchanga wenye unyevu ni hatari, kwani maji yakigeuka mvuke hufyatua kizibo. Bomba hulazwa juu ya makaa hadi sehemu inayokunjwa iwe nyekundu, halafu huvutwa polepole kufuata kigezo cha waya kilichopimwa chini ya gari. Mchanga huzuia kuta zisibonyee, na kona hubaki na duara lake.

Kazi ya moto na chuma ina historia ndefu Kagera. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wahunzi wa Buhaya, nchi ya Wahaya, walitengeneza chuma chenye kaboni katika tanuru za hewa iliyopashwa joto, karne nyingi zilizopita. Karagwe yenyewe, ambayo mtawala wake Rumanyika aliwapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861, iliweka nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma miongoni mwa alama za ufalme. Ujuzi wa kusoma joto kwa rangi ya chuma, uliomfaa mhunzi wa enzi hizo, unamfaa pia mkunja bomba wa leo.

Sailensa ilipewa hataza Marekani mwaka 1897 kwa jina la ndugu wawili, Milton na Marshall Reeves. Nyingine huvunja sauti kwa vyumba vinavyoigonganisha. Nyingine huimeza kwa bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi za kioo. Kwa gari la kulala, aina ya vyumba hutoa utulivu zaidi.

Kabla ya kuchomelea, mtungi wa gesi ya jikoni huondolewa na nyaya za betri hufunguliwa ili kulinda alteneta. Bomba la mita 3 likipata joto la nyuzi 300 zaidi hurefuka kwa takriban sentimita moja, hivyo huning'inizwa kwa raba, na nati hukazwa kuanzia mbele kwenda nyuma. Kinga ya bati huwekwa kati ya bomba na sakafu ya mbao. Mdomo hutokezwa nje kabisa ya bodi, upande usio na mlango wala dirisha la kulalia, na juu kiasi cha kutoburuzwa kwenye matuta ya barabara za udongo.

Jaribio la mwisho hufanyika uwanjani, injini ikinguruma. Mdomo wa ekzosi huzibwa kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi huku maungio yakisikilizwa. Panapofoka hukazwa au kuchomelewa upya. Gari likishapoa, nati zote hukazwa tena, na mwenye gari hupewa agizo la kudumu: injini huzimwa kabla ya mtu yeyote kulala.