Hoja ya sheria huishia wapi katika rufani ya kodi ya mapato?

Mlipakodi anayefika Mahakama ya Rufani ya Tanzania akitumaini majaji watazipekua upya ankara zake na taarifa zake za benki amechelewa. Kazi hiyo ilikuwa ya Bodi ya Rufani za Kodi, na baada yake Baraza la Rufani za Kodi. Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, inaruhusu hoja za kisheria peke yake kuvuka kutoka Baraza kwenda Mahakama ya Rufani. Ugumu ni kwamba sheria hiyo haikueleza hoja ya kisheria ni ipi, ikawabidi majaji waeleze wenyewe.

Walifanya hivyo katika shauri la Atlas Copco Tanzania Limited dhidi ya Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, Rufani ya Madai Na. 167 ya 2019. Kwanza, walisema, ni tafsiri ya Katiba, ya sheria au ya kanuni ya kisheria. Pili, ni namna Baraza lilivyoitumia sheria juu ya ushahidi uliomo kwenye kumbukumbu. Tatu, ni uamuzi uliofikiwa bila kuuchambua ushahidi, au usio na ushahidi wowote wa kuutegemeza, au uliopotoka kiasi kwamba hakuna baraza lenye busara lingeufikia. Chukua kampuni inayodai kwamba ada ya usimamizi iliyomlipa mwenye hisa wake wa ng'ambo itolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kama huduma ilitolewa au haikutolewa, hilo ni jambo la ushahidi na linaishia Barazani. Kama ada hiyo, huduma ikishathibitishwa, ni gharama iliyotumika yote na kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee, hapo Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaguswa, na majaji wanaweza kuingia.

Aina ile ya tatu ndiyo yenye uzito, na mizizi yake ni mirefu. Mwaka 1955 Baraza la Malodi la Uingereza liliamua shauri la Edwards dhidi ya Bairstow, la watu wawili walionunua mitambo ya kusokota nyuzi na kuiuza kwa mafungu wakapata faida ya takriban pauni 18,000. Makamishna wa rufani za kodi wa ngazi ya chini walisema haikuwa biashara. Matukio yenyewe hayakubishaniwa. Malodi waliona tu kwamba matukio hayo yaliruhusu jibu moja la busara, nalo ni biashara, basi kosa la makamishna likahesabiwa kosa la sheria.

Wapo wanaosema mlango huo ukiachwa wazi, kila mrufani ataita malalamiko yake ya ushahidi “hoja ya kisheria”, na ukomo utabaki jina. Hofu hiyo ina msingi, lakini inasahau kwamba ushahidi mdogo si sawa na kukosekana kwa ushahidi. Baraza likiwaamini mashahidi wa Kamishna na kueleza kwa nini, mrufani hana pa kushika, hata kama jaji mwenyewe angewaamini wale wengine. Likitupa nyaraka za mlipakodi kwa sentensi moja bila kuzitaja, limempa njia. Kwa hiyo naona ukomo huu ni wa haki pale tu Baraza linapoandika jinsi lilivyopima ushahidi. Lisipoandika, mlipakodi, ambaye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi, ananyimwa kitu ambacho hakuna ngazi nyingine inayoweza kumrudishia.

Kenya imebana katika hatua ya mapema zaidi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 iliziwekea Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ukomo huohuo wa hoja za kisheria, na zaidi inamfunga mlipakodi kwenye sababu alizoandika katika pingamizi lake, isipokuwa aruhusiwe kuongeza nyingine. Barua ile ya pingamizi, ambayo mara nyingi huandikwa na mhasibu kabla wakili hajaitwa, ndiyo inayochora mipaka ya kile ambacho majaji watakisikiliza miaka kadhaa baadaye.