Gunia la Mtego

Mwamba unapochorongwa hutoka ardhini ukiwa mche wa duara, mfano wa mchi wa kutwangia, na hulazwa katika masanduku yenye mifereji kwa kufuata kina ulikotoka. Kisha hupasuliwa kwa urefu kwa msumeno wa almasi. Nusu moja husagwa ikapelekwa maabara, nusu ya pili ikarudishwa sandukuni na kutunzwa. Hivi ndivyo wachimbaji wakubwa duniani wanavyoujaribu mlima kabla ya kuuamini, na ndivyo kilima cha bati cha Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, kilivyojaribiwa na kampuni ya Alphamin kuanzia mwaka 2012. Lakini kinachostahili kutazamwa zaidi kuliko msumeno ni kile kinachochomekwa katikati ya sampuli kabla hazijasafiri. Humo huingizwa jiwe tupu lisilo na chembe ya bati. Huingizwa pia unga ulioandaliwa maalumu, ambao kiwango chake cha bati kinajulikana tangu awali, na pacha wa sampuli iliyokwisha kupita. Maabara haiambiwi ni ipi. Jiwe tupu likirudi na majibu kwamba lina bati, hakuna anayeshangilia: fungu zima hutiliwa shaka na kupimwa upya.

Mtego huo una historia, na historia yake ni ya aibu. Mwaka 1997 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X iliporomoka baada ya kugundulika kwamba dhahabu yake ya Busang, Indonesia, haikuwepo. Mtu alikuwa ameinyunyizia vumbi la dhahabu sampuli iliyokwisha kusagwa. Maabara ilipima kwa uaminifu kile ilicholetewa, na masoko ya hisa yakaamini. Tena kampuni ilikuwa ikisaga karibu mche wote badala ya kutunza nusu, hivyo hata aliyetaka kuhakiki hakuwa na la kuhakiki. Kutokana na balaa hilo Kanada ikatunga kanuni za lazima kuhusu namna kampuni za madini zinavyotangaza matokeo yao, na ndizo zilizoifunga Alphamin, iliyoorodheshwa katika soko la hisa la huko. Kwa hiyo hatua ngumu zilizochukuliwa Bisie zilitokana na kumshuku binadamu anayelishika jiwe zaidi ya kulishuku jiwe lenyewe.

Sasa tutoke Walikale twende Masisi, kwenye vilima vya Rubaya, vinavyokadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima. Huko jaribio lilikuwa la namna nyingine. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaeleze iwapo madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake na kama yananufaisha makundi yenye silaha. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila wa Kongo akasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na marufuku ikadumu hadi Machi 2011. Wayeyushaji wa ng'ambo nao wakaacha kununua mzigo usio na alama. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa lebo ya plastiki, ikisimamiwa na mpango wa wafanyabiashara wa bati na tantalamu uitwao iTSCi.

Lebo yenyewe ni ukanda mdogo wenye namba na mistari ya kusomwa na mashine. Ukishavutwa ukakaza shingo ya gunia haufunguki ila kwa kukatwa. Karani wa serikali huufunga chimboni, akaandika daftarini tarehe, uzito na namba. Gunia likifika kwa negosia, yaani mnunuzi wa kati, mzigo husafishwa na kupimwa tena, na lebo ya pili hufungwa. Kwenye ghala la msafirishaji namba zote mbili hulinganishwa. Ni kazi safi kwa karatasi, na kwa kweli ni nafuu. Ila ukiitazama kwa jicho la mchorongaji, utaona tundu lake mara moja: lebo inalitambulisha gunia, hailitambulishi jiwe. Inachothibitisha ni kwamba siku fulani karani fulani alikubali kuandika kwamba mzigo umetoka pale. Namba zikilingana mwanzo hadi mwisho, mfumo unaridhika, hata kama kilichomo kilibebwa usiku kutoka kilima cha pili. Msingi wake haukuwa na jiwe tupu. Haukuwa na gunia la mtego, lililotoka mahali panapojulikana kuwa si halali, likapenyezwa kwa makusudi ili ionekane kama kuna mtu njiani atakayelikamata.

Jaribio la lebo lililotangazwa kwa shangwe halikufanyika Masisi. Oktoba 2012, kwa msukumo wa serikali ya Uholanzi, magunia ya kwanza ya kasiteriti, yaani mawe ya bati, yalifungwa lebo katika chimbo la Kalimbi, Nyabibwe, wilayani Kalehe, Kivu Kusini. Waliopanga walichagua vizuri kwa maana moja: Nyabibwe ilifikika, na wenye silaha walikuwa wameshaondoka. Gunia likasafiri, bati likauzwa, jaribio likaitwa limefaulu. Lilifaulu kweli, kwa swali lililoulizwa, yaani iwapo gunia lenye lebo linaweza kutoka Kivu likafika kwa myeyushaji. Ila swali lililoileta sheria yenyewe lilikuwa Bisie, ambako kwa miaka kadhaa wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni kupitia msituni hadi Njingala, na ndege ndogo zikayachukua zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, huku wanajeshi wakikusanya chao. Kujaribia dawa kwa mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu hakuelezi mengi kuhusu aliye mahututi.

Mtetezi wa mpango huo atanijibu, na jibu lake lina uzito. Hakuna anayeanza jaribio motoni. Hata rubani hujifunzia pasipo na dhoruba. Nakubali. Kosa silioni katika kuanzia Nyabibwe, naliona katika hatua iliyofuata, pale matokeo ya kilima kimoja tulivu yalipochukuliwa kuwa kibali cha kuingia Rubaya. Lebo zilifika Masisi mwaka 2014 zikiwa utaratibu uliokwisha kuthibitishwa. Na dalili zilikuwepo. Mnamo Machi 2012 waziri wa madini alitia saini amri ya kuyapa machimbo kadhaa ya Masisi alama ya kijani, maana yake hayana silaha wala watoto. Aprili, mwezi mmoja tu baadaye, maasi yaliyozaa kundi la M23 yakalipuka Masisi humohumo. Kijani ilikuwa picha ya siku ya ukaguzi, lakini ikasomwa kama hali ya hewa ya mwaka mzima.

Pingamizi la pili ni kwamba ninalinganisha embe na papai: mwamba hauna njama, binadamu anazo, na mtego unaowezekana maabara hauwezekani barabarani Masisi, penye bunduki. Bre-X inajibu nusu ya kwanza. Kuhusu nusu ya pili, Rubaya yenyewe ilitoa nafasi ya jaribio bila mtu kuhatarishwa, ikapotea. Mwishoni mwa 2018 kampuni ya SMB, yenye kibali cha sehemu ya vilima hivyo, ilijitoa iTSCi ikahamia kwa mshindani, huku eneo jirani la kampuni ya serikali, SAKIMA, likibaki na lebo za zamani. Mifumo miwili, milima ileile, wachimbaji walewale, mpaka usioonekana kwa macho. Kila upande ukawa na sababu ya kumshuku mwenzake kwamba anafunga lebo kwenye mzigo usio wake. Mtafiti hapati bahati ya namna hiyo mara mbili. Ilitosha kupima kwanza uwezo halisi wa kila shimo, kisha kuufanya uwe dari: magunia yakizidi dari, kengele ilie. Badala yake uchunguzi uliotikisa mfumo ulitoka nje: mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba lebo zilikuwa zikisafisha mzigo wa machimbo yasiyoruhusiwa, Masisi ikiwemo. iTSCi ilikanusha. Lakini hata ukanushaji haukuwa na nusu ya mche sandukuni ya kuitoa na kusema, haya, pimeni tena.

Nisije nikaonekana naitukuza Bisie. Machi 2025 Alphamin ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi wakati M23 ilipokuwa ikisonga. Mji wa Walikale ulitekwa siku chache baadaye, na kazi ikaanza kurejea Aprili. Mashimo yote yaliyochorongwa hayakuwa yameulizwa hilo. Yaliulizwa kuhusu bati, yakajibu vizuri mno: mwaka 2024 mgodi ulitoa zaidi ya tani 17,000. Hayakuulizwa pia kuhusu maelfu ya wachimbaji wadogo walioishi kwa kilima kile kabla ya mitambo. Tofauti ni kwamba kila mtu alijua kipimo cha bati ni kipimo cha bati, wala hakuna aliyekiuza kama kipimo cha amani.

Chombo cha kulipima jiwe lenyewe kipo. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, ilianza miaka ya 2000 kutengeneza njia ya kusoma umri na kemia ya chembe za koltani, madini yenye tantalamu, kwa mwanga wa leza na kuzilinganisha na akiba ya sampuli za machimbo yanayojulikana. Kati ya vilima viwili vya mwamba mmoja njia hiyo hubabaika, kwa hiyo ugomvi wa mpakani Rubaya isingeumaliza. Umbali ukiongezeka inapata nguvu, na mwaka 2024 umbali ndio uliokuwa jambo lenyewe. M23 iliitwaa Rubaya mwishoni mwa Aprili mwaka huo, na mwezi Desemba wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba angalau tani 150 za koltani zilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na mzigo wa huko. Rwanda imekuwa ikikana. Mchanganyiko ukishayeyushwa hauna tena umri wala kemia ya kusomwa. Kilichofungwa lebo Masisi mwaka 2014 kimekwisha kuwa vipande vidogo ndani ya simu ambazo nyingi zimeshatupwa, na kilichobaki cha kuhakiki ni daftari la karani.