Mwana Kumwambia Mzazi: Mgogoro wa Vizazi katika Tamthilia ya Vijana na Mkasa wa Nakuru

Utangulizi

Methali ya Kiswahili inayotajwa mno mbele ya vijana ni ile isemayo kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii imefundishwa katika madarasa ya Kenya kwa miaka mingi, na mafunzo yake hayana ubishi pale ambapo mkuu ana hekima na mdogo hana. Lakini je, mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini? Swali hili methali haijibu. Kazi ya kulijibu imeachiwa tamthilia, kwa kuwa jukwaani ndipo mwana anapoweza kusimama akamwambia mzazi yale ambayo nyumbani yangehesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi uhusiano uliovurugika wa mzazi na mwana ulivyochorwa katika tamthilia mbili zilizoandikwa nchini Kenya, na kisha kulitazama tukio la Aprili 2025 mjini Nakuru, ambapo tamthilia ya tatu haikuigizwa. Hoja inayotetewa ni kwamba mgogoro wa nyumbani katika tamthilia za aina hii haukomei nyumbani. Mlango wa nyumba ya Yona au ya Kĩgũũnda ukifunguliwa, nchi nzima huonekana ndani.

Mzazi aliyekosa: Bembea ya Maisha

Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, tamthilia iliyoteuliwa kutahiniwa katika shule za upili za Kenya katika miaka ya 2020, msomaji anakutana na Yona na mkewe Sara, pamoja na mabinti zao Neema, Asna na Salome. Yona, aliyekuwa mwalimu, ameshindwa kuyastahimili masimango ya wanakijiji, kwanza kwa kuchelewa kupata mtoto, kisha kwa kupata watoto wa kike pekee. Ulevi wake na ukali wake kwa mkewe vimetokana na hapo. Mtunzi hamwonyeshi kama mtu mwovu kwa asili. Anamwonyesha kama mtu aliyeiachia jamii impimie uzazi wake kwa mizani isiyo ya haki, naye akaitumia mizani hiyo hiyo kuwapimia watu wa nyumbani mwake.

Ufundi wa mtunzi unajitokeza katika namna anavyougeuza uzito. Mabinti waliodharauliwa ndio wanaokuwa tegemeo la wazazi. Neema ndiye anayegharimia matibabu ya mama yake mjini. Hata hivyo, mila inamzuia Sara kulala katika nyumba ya mkwewe, na kwa hiyo mwana mwenye uwezo wa kumtunza mzazi anazuiwa na desturi iliyowekwa ili kumheshimu mzazi huyo huyo. Kinaya hiki ndicho kiini cha tamthilia. Heshima iliyokusudiwa kumkinga mzee inamwacha bila malazi.

Udhaifu mmoja unaweza kutajwa. Mabinti wa Yona wanasema naye kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno. Wanatuma fedha, wanasafiri, wanauguza. Yona anakuja kuyajutia makosa yake, lakini toba hiyo inamfikia kwa njia ya matunzo, bila mwana kumkabili uso kwa uso na kumwuliza kwa nini. Huenda ndiyo sababu mojawapo inayoifanya tamthilia hii ikubalike bila hofu katika ukumbi wa shule: mzazi anasahihishwa pasipo kuulizwa.

Mzazi aliyeonewa: Ngaahika Ndeenda

Hali ni tofauti katika Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977. Humo Kĩgũũnda na Wangeci wanamgombeza binti yao Gathoni kwa uvivu na kwa tamaa ya mavazi, naye anavutwa na mwana wa tajiri. Mtazamaji wa mara ya kwanza angedhani huu ni mchezo wa maadili kuhusu msichana asiyesikia la wazazi. Lakini kadiri mchezo unavyoendelea, hati ya shamba iliyotundikwa ukutani inakuwa mhusika mkuu. Wazazi wenyewe wanashawishiwa na matajiri, wanaiweka rehani ardhi yao, na wanaipoteza. Gathoni aliyeachwa na mimba na Kĩgũũnda aliyeachwa bila shamba wanakuwa wameangushwa na mkono mmoja. Ugomvi wao ulikuwa wa watu wawili waliofungwa kamba moja bila kujua.

Serikali iliondoa kibali cha mchezo huo Novemba 1977, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba mwaka huo. Jambo linalostahili kukumbukwa ni kwamba riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, yenye shutuma zisizo nyepesi, ilikuwa imezinduliwa miezi michache tu kabla, na aliyeizindua alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa wakati huo. Kilichoogopwa kilikuwa jukwaa la kijiji na lugha ambayo mama wa nyumbani aliielewa. Hali hii inahusiana moja kwa moja na yaliyotokea Nakuru.

Mkasa wa Nakuru

Tamthilia ya Echoes of War, yaani Mwangwi wa Vita, iliandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa Seneta wa Kakamega, kwa ajili ya Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere. Inahusu nchi ya kubuni inayojaribu kujijenga baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambamo vijana na wazee wao wameacha kuaminiana. Ilipozuiwa kuendelea katika mashindano, Mahakama Kuu iliamuru mapema Aprili 2025 kwamba iruhusiwe kufika tamasha la taifa, lililokuwa likifanyika Nakuru. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili, Malala alikamatwa. Asubuhi yake, katika Shule ya Wasichana ya Kirobon, wanafunzi walipanda jukwaani bila mwelekezi wao, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Nje, polisi walirusha gesi ya kutoa machozi. Malala aliachiliwa siku hiyo.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 shule hiyo hiyo ilipigwa marufuku na mchezo wa mtunzi huyo huyo, Shackles of Doom, hadi Mahakama Kuu ilipoiondoa marufuku hiyo. Katika kipindi kilichofuata maandamano ya vijana ya Juni 2024, hata hivyo, neno "mzazi" lilikuwa limepata matumizi mapya. Viongozi waliwahimiza wazazi wawatie adabu watoto wao, kana kwamba suala la kodi na utawala lilikuwa suala la malezi. Serikali ilijivika vazi la mzazi, na mzazi aliyevaa vazi hilo hakutaka kusikia mchezo kuhusu wazazi.

Mahali penyewe palikuwa na maana yake. Wengi wa wanafunzi wa madarasa ya juu mwaka 2025 walizaliwa karibu na mwaka 2007 au 2008. Mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha ziliwaka moto wa ghasia za uchaguzi, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Vita hivyo vilipiganwa na kizazi cha wazazi. Watoto waliozaliwa katika moshi wake wana haki ya kuuliza habari za mwangwi wake, na hapana mji unaostahili swali hilo zaidi ya Nakuru.

Wimbo badala ya mchezo

Mhakiki hawezi kulipima onyesho ambalo halikufanyika. Anaweza, lakini, kukipima kile kilichofanyika mahali pake. Wimbo wa taifa wa Kenya uliundwa mwaka 1963 kwa mahadhi ya wimbo wa Wapokomo ambao mama huimba akimbembeleza mtoto alale. Basi pale Kirobon mpangilio uligeuka juu chini: wana walimwimbia mzazi wimbo wa kubembelezwa, kisha wakamwacha peke yake na ukumbi wake. Mwelekezi yeyote angetamani kutunga kimya cha namna hiyo. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na wasichana wale walimvua kwa kuimba wimbo wake mwenyewe.

Katika Antigone ya Sophocles, Haemon anamkabili baba yake Creon na kumweleza kwa upole kuwa watu wa mji wanamwonea huruma msichana aliyehukumiwa. Creon anakataa kufundishwa na kijana. Anapobadili nia amekwisha kuchelewa, na mwanawe anajiua. Sophocles hakusema kuwa kila kijana ana haki. Alionyesha gharama ya mzazi anayepima ukweli kwa umri wa msemaji.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kuuliza upande wa pili. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji kwa nini mwanasiasa asiye mwalimu aandalie wanafunzi mchezo. Swali hili si la kupuuzwa. Mtoto anayekariri maneno ya mtu mzima mwenye hoja zake za kisiasa anaweza kuwa kipaza sauti tu. Lakini hata Neema na Gathoni waliandikiwa maneno na watu wazima. Kama maneno ni ya mwana au ni ya mtunzi aliyejificha nyuma yake, hilo hujulikana kwa kuutazama mchezo, na kazi hiyo ni ya waamuzi na hadhira. Bomu la machozi halina uwezo wa kuamua ubora wa fani.

Suala la lugha nalo limebaki. Mwaka 1977 Kiingereza kilikuwa ngao ya mtunzi. Mwaka 2025 hakikumkinga mtu. Ikiwa ni hivyo, watunzi wa shule hawana sababu ya kuendelea kumwambia mzazi kwa lugha ambayo wazazi wengi wa Butere, Rongai au Molo hawaitumii nyumbani. Kiswahili kingeufikisha ugomvi pale ulipoanzia.

Hitimisho

Yona anasahihishwa bila kuulizwa, Kĩgũũnda anaangushwa pamoja na binti yake, na mzazi wa tatu hakukubali hata pazia lifunguliwe. Hatari kubwa ya mkasa wa Nakuru imo katika madarasa kuliko jukwaani. Mwalimu wa tamthilia aliyeona gesi ile atachagua mchezo mpole mwaka unaofuata, na mwanafunzi wake atajifunza kwamba uhusiano mwema na mzazi ni kunyamaza. Nyumba ambamo mwana amenyamaza huitwa nyumba tulivu na majirani. Wenyeji wa Bonde la Ufa, walioishuhudia Januari ile ya 2008, wanajua utulivu wa namna hiyo huzaa nini.