Mishono Mitatu ya Uzi Mweusi

Hapa Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, macho ndiyo yanayowalisha watu wengi. Jirani yangu ni mmoja wao. Kutwa husimama kwenye meza ya kupangia waridi katika shamba la maua, akipima urefu wa shina, ukubwa wa tumba na kidoa cha ukungu kisichozidi punje ya mtama. Jioni huvua gamboti na aproni, lakini jicho lile halivuliki.

Ndiye aliyenifunza kutazama michezo ya zamani ya runinga. Usiku mmoja tulikuwa tukitazama mchezo mmoja wa kwetu, sebuleni kwa tajiri, naye akasema, "Hicho ni kiti cha chifu, ndugu yangu." Nikamwambia viti vya namna hiyo vimejaa kila nyumba. Akanionyesha mkono wa kushoto wa kiti. Pale kitambaa cha kufuma kilipoteleza, palikuwa na mpasuko ulioshonwa kwa uzi mweusi, mishono mitatu. Juma lililotangulia alikuwa ameiona mishono hiyo hiyo katika ofisi ya chifu ya mchezo mwingine.

Ufundi wote umo humo. Umbo halithibitishi kitu, maana kiwanda hutoa viti mia vinavyofanana. Kovu ndilo shahidi. Mtambuzi hodari hutafuta pembe iliyomeguka, rangi iliyobabuka, pazia lililoungua kwa pasi. Akishaliona kovu hulihifadhi moyoni, akalingoja lirudi.

Uingereza ufundi huu una wapenzi wengi, na wana mengi ya kuvuna. Katika Thunderbirds, mchezo wa vikaragosi ulioanza kuonyeshwa 1965, Derek Meddings na wenzake walijenga mitambo ya ajabu kwa vifaa vidogo vya kawaida. Ukutani mwa kituo cha kurushia chombo cha kwanza cha mchezo huo kuna kikamulio cha limau, kimetulia kama mtambo wa maana. Mwaka 1975, hadithi mbili za mchezo wa Doctor Who zilitumia kituo kimoja cha angani kiitwacho Nerva, kilichosanifiwa na Roger Murray-Leach. Kati ya hadithi hizo imepita miaka maelfu, lakini korido ni zile zile. Fedha ilikuwa haba, na mbao zilizokwisha kukatwa hazikustahili kutupwa baada ya hadithi moja.

Mafundi hao hawakutarajia kuchunguzwa hivyo. Katika miaka ya 1960 picha nyingi za runinga za huko zilikuwa za mistari 405, nyeusi na nyeupe, na familia haikuwa na njia ya kuzirudisha nyuma. Kanda za video ndizo zilizompa mtazamaji uwezo wa kusimamisha picha na kulinganisha. Hata hivyo, kanda haimpi mtu kumbukumbu. Hiyo huja nayo mwenyewe.

Sisi tuliolelewa na mchezo wa runinga wa Vioja Mahakamani tulianza somo hili mapema. Kizimba kilikuwa kimoja na kesi hazihesabiki: leo amesimama mwizi wa kuku, kesho mwenye deni la pombe. Hakuna aliyelalamika. Tulijua kwamba mbao zile zile zinaweza kubeba kisa kipya, mradi mchezaji ajue kazi yake.

Na hapa kwetu lipo jiwe lenye tabia hiyo. Ndani ya Mbuga ya Hell's Gate umesimama Mnara wa Fischer, wa mita 25 hivi, wenye jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika 1883. Kwa wanajiolojia ni kizibo cha volkano ya kale. Kwa Wamaasai ni binti aliyekuwa akienda kuolewa, akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Mwaka 2003 mbuga hiyo hiyo ilionekana katika filamu ya pili ya Lara Croft. Watu wa hapa waliitazama wakiinyoshea kidole: kule ni kwetu! Mandhari ni moja, na kila msimulizi ameikabidhi kazi yake.

Nilidhani kutambua kitu kilichotumika mara mbili kunaharibu hadithi, kwamba ukishakijua kiti, tajiri hana tena utajiri. Jirani yangu aliniondolea dhana hiyo. "Hapana," alisema, "mimi nawaza aliyeshona."

Tangu siku hiyo nami humuwaza. Majina ya waigizaji hupita mwisho wa mchezo, na la mwandishi pia. La mtu aliyekaa na sindano stoo, akaziba mpasuko ili kiti kiendelee na kazi, sijaliona. Uzi wa rangi ya kiti ulimwishia, labda, akachukua mweusi, akakifunika kwa kitambaa, akakitoa chini ya taa. Miaka ikapita. Kisha huku Kamere, mwanamke aliyechoka kwa kutwa nzima ya waridi akainama karibu na kioo, akaihesabu kazi yake: moja, mbili, tatu.