"Bado" na "Dume": Lugha ya Msimamo wa Oginga Odinga

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuzichambua tenzi, riwaya na tamthilia, na kuziacha kauli za wabunge mikononi mwa wanahistoria na wataalamu wa siasa. Hao nao huzisoma kauli hizo kwa Kiingereza, kana kwamba msimamo wa kisiasa ni kitu kinachoweza kumenywa kutoka katika maneno yaliyoubeba. Matokeo ya mazoea hayo ni mabaya zaidi pale ambapo mwanasiasa mwenyewe aliishi katika lugha zaidi ya moja. Kwa upande wa Kenya, hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa Jaramogi Oginga Odinga, mwakilishi wa Nyanza ya Kati katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1957, kisha mbunge wa Bondo, Makamu wa kwanza wa Rais wa Jamhuri, na kiongozi wa upinzani mara mbili katika nyakati zilizopishana kwa robo ya karne.

Odinga alikuwa na lugha tatu za hadhara. Dholuo ilikuwa lugha ya Luo Union, ambayo yeye alikuwa Ker wake, na ya wanahisa wa Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1947 ili fedha ndogo ndogo za Waluo zikusanywe na kujenga nyumba na maduka mjini Kisumu. Kiingereza kilikuwa lugha ya barazani, aliyoipata Maseno, Alliance na Makerere. Kiswahili kilikuwa lugha ya mkutano wa hadhara, ya bandari na ya reli. Maana Kisumu tangu ilipofikiwa na reli mwaka 1901 imekuwa mji wa makuli, mafundi, wachuuzi wa samaki na makarani wa makabila mengi. Watu wa pwani hupenda kukicheka Kiswahili cha ziwani kwa sababu Dholuo haina sauti ya "sh" wala ya "z", hivyo shamba huwa "samba". Ni mzaha mwepesi, na umegharimu elimu: kwa kushughulika na matamshi, wasomi wengi hawakupata kusikiliza kilichokuwa kikisemwa.

Inafaa kuanza na mwaka 1958, kwa kuwa ndipo msimamo wake wa kwanza mkubwa ulipotolewa. Waafrika wanane waliochaguliwa Machi 1957 walikuwa wamekataa kushika uwaziri chini ya katiba ya Lyttelton. Odinga mwenyewe alikuwa amemshinda B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya kikoloni. Mwezi Juni 1958 alisimama barazani akatamka kuwa Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa Lokitaung walikuwa bado ni viongozi mioyoni mwa watu. Barazani palizuka makelele. Na baadhi ya Waafrika wenzake walijitenga naye kwa siku kadhaa, wakihofu kuwa amewaharibia. Wahakiki wengi hulisifu tendo hili kwa ujasiri wake, na ujasiri ulikuwapo. Lakini jambo la lugha limepitwa. Kauli ile ilitolewa kwa Kiingereza, mbele ya walowezi, ilhali waliokusudiwa kuisikia hawakuwamo ukumbini. Ilipofika mitaani ilifupishwa na kugeuzwa, na katika miaka ya 1960 na 1961 ikawa wito wa maneno matatu: Uhuru na Kenyatta.

Maneno hayo matatu yanastahili kutazamwa kwa makini kuliko yalivyowahi kutazamwa. Uzito wake wote umo katika "na". Kiunganishi hiki kina sura nyingi. Huunga vitu viwili vilivyo sawa, kama katika chumvi na pilipili. Hutaja kuandamana, kwamba cha kwanza hakiji ila pamoja na cha pili. Tena hutaja mtenda baada ya kitenzi cha kutendwa, kama vile "umeletwa na fulani". Na ingawa katika wito huu hakuna kitenzi, sikio la Mswahili halikosi kusikia mwangwi wake. Kwa hiyo aliyeitikia wito huo angeweza kusadiki kuwa anadai vitu viwili, au kwamba anadai kimoja kwa sharti la kingine, au kwamba amekwisha kutajiwa mleta uhuru. Odinga, aliyekuwa miongoni mwa waliousambaza wito huu kwa nguvu, alikuwa akidai kufunguliwa kwa mfungwa. Hakuona, au hakujali, kwamba "na" ile ingeweza baadaye kusomwa kama hati ya umiliki.

Mwaka 1967, baada ya kuvuliwa cheo chake katika KANU kwenye mkutano wa Limuru wa Machi 1966, kujiuzulu umakamu wa Rais mwezi uliofuata na kuongoza Kenya People's Union, alichapisha mjini London tawasifu yake, Not Yet Uhuru. Ruth First alisaidia kuihariri na Kwame Nkrumah aliiandikia dibaji. Ni kitabu cha Kiingereza chenye jina ambalo si la Kiingereza hasa. Neno moja limeachwa katika Kiswahili, na yale mawili mengine ni tafsiri ya neno moja la Kiswahili. Jina la kweli la kitabu, lile lililomo chini ya jina lililochapwa, ni "Uhuru bado".

Ni nini maana ya "bado"? Neno hili ni la ajabu katika sarufi: husimama peke yake pasipo kitenzi, nalo hukanusha bila kiambishi cha ukanushi. Aulizwaye kama wali umeiva hujibu "bado", na hapo amesema mambo mawili kwa pamoja, kwamba haujaiva na kwamba upo motoni. Mzee wa miaka themanini asiye na mke akiulizwa kama ameoa hujibu "bado", kwa kuwa "hapana" ingekuwa kumfungia Mungu mlango. Ndiyo adabu ya neno hili. Lakatalia tendo wakati likiliweka tendo lenyewe katika hesabu ya mambo yatakayokuja.

Basi Odinga alipochagua "bado" mahali pa "hakuna", alichagua msimamo mahsusi. Hakusema kuwa uhuru wa 1963 ulikuwa uongo mtupu, wala hakuitia nchi katika kukata tamaa. Alishikilia kuwa ardhi, biashara na vyombo vya dola vilibaki katika mikono iliyobadilika rangi tu, na kwamba kazi iliyoanzwa haijatimia. Aidha, "bado" ililijibu "na" la miaka sita iliyotangulia: Kenyatta amefika, uhuru bado. Kwa neno moja la jikoni alivitenganisha vitu viwili ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amesaidia kuviunganisha. Hakuna msemaji mwingine wa siasa ya Kenya wa kipindi hicho aliyepata neno fupi kama hilo lenye kubeba hoja nzima.

Hata hivyo sifa hiyo isifiche upungufu. Neno "bado" halimtaji mkosaji. Chungu kisichoiva huenda kikawa na kuni mbichi, au mpishi aliyelala, au aliyekula nyama kabla ya wageni, "bado" haichagui. Kitabu chenyewe kina tabia hiyo hiyo. Kinaeleza kwa ufasaha mkubwa jinsi wakoloni na walowezi walivyotenda, na kinawataja kwa majina waliomchimba ndani ya chama. Lakini swali la tabaka, yaani ni kwa utaratibu gani waliokuwa wapigania uhuru waligeuka kuwa wenye mashamba makubwa, hulikaribia na kulizunguka. Bildad Kaggia alikuwa mkali zaidi hapa, naye ndiye aliyeulizwa na Kenyatta hadharani Kandara mwaka 1965 amejifanyia nini tangu watoke gerezani. Odinga alikuwa mfanyabiashara aliyeamini katika bidii ya watu wake. Ujamaa wake ulikuwa wa kampuni ya wanahisa wengi kuliko wa shamba la umma, na hilo linaonekana katika kurasa zinazohusu Luo Thrift, ambazo ndizo zenye uhai kuliko zote kitabuni.

Neno la pili ni "dume". KANU ilikuwa na jogoo, na KPU ikachukua ng'ombe dume. Kwa Kiswahili sanifu mnyama huyu ni fahali, na kila mwanafunzi anajua kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Methali hiyo ingalikuwa tayari mdomoni mwa yeyote aliyetaka kueleza ugomvi wa Kenyatta na Odinga. Lakini umati wa Nyanza haukupiga kelele za "fahali". Ulisema "dume", neno lisilotaja mnyama bali jinsia na nguvu, na lenye kubebeka kwa pumzi moja. Nyuma yake huenda ikasikika ruath ya Dholuo, ambayo ni fahali na pia ni sifa ya kiongozi wa watu. Kwa hiyo "dume" ni neno la Kiswahili lililovaa maana ya kiluo, kama vile lile jina Jaramogi, mtu wa Ramogi, linavyobeba ukoo mzima ndani ya sauti chache. Wito huu uliposikika Nairobi ulisikika kama ufidhuli. Uliposikika Kisumu ulikuwa salamu.

Tofauti hiyo ya masikio ilimwaga damu tarehe 25 Oktoba 1969. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai, na Nyanza ilikuwa katika msiba na hasira. Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ambayo Odinga alikuwa mmoja wa walioutafuta msaada huo, na ambayo wenyeji wameiita "Russia" muda mrefu kabla haijapewa jina la Odinga mwenyewe. Umati ulipaza "Dume!" Rais alijibu kwa Kiswahili. Ukanda wa sauti umehifadhiwa na umesikilizwa na wengi: matusi ya nguoni, watu kufananishwa na wadudu, ahadi ya kuwasaga wapinzani kama unga, na Odinga, aliyekuwa amekaa karibu, akiambiwa kuwa ni urafiki tu uliomzuia Rais asimtie ndani. Mawe yalirushwa, walinzi wakapiga risasi. Waliokufa hawakupungua 11 kwa hesabu ya serikali, na hesabu hiyo haijapata kukubalika Kisumu. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini hadi Machi 1971.

Wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulitazama tukio hili bila kugeuza uso. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja wa taifa, isiyo ya kabila. Siku ile kilitumiwa na mkuu wa nchi kuwatoa raia wake katika ngeli ya watu. Na kilifaa kazi hiyo kwa sababu ile ile inayosifiwa: kilieleweka na kila mtu uwanjani, kuanzia askari hadi mtoto wa shule. Kama hotuba ile ingalitolewa kwa Kiingereza, nusu ya umati isingeitambua. Lugha kuwa ya taifa hakuifanyi iwe ya haki, na nadharia ya maendeleo ya Kiswahili iliyokuwa ikifundishwa vyuoni katika miaka iliyofuata haikuwa na nafasi ya kulisema hilo.

Lipo jambo jingine, la kisheria, ambalo linahusu kumbukumbu. Hadi mwaka 1974 lugha ya Bunge la Kenya ilikuwa Kiingereza. Tarehe 4 Julai 1974 Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike, na katiba ikarekebishwa. Kisha Kiingereza kikarudishwa kwa miswada, na kufikia 1979 lugha zote mbili zilikuwa zimeruhusiwa, utaratibu ambao Katiba ya 2010 imeuendeleza na kuuongezea Lugha ya Ishara. Kisumu Mjini ilikuwamo ukumbini mlango huo ulipofunguliwa, kwa sauti ya Grace Onyango, aliyekuwa meya wa mji huo mwaka 1965 na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini, Desemba 1969. Odinga hakuwamo. Alizuiwa kugombea mwaka 1974, akazuiwa tena 1979. Na mwaka 1981, baada ya kumwita hayati Kenyatta mnyakuzi wa ardhi katika mkutano wa Mombasa, njia ya kurudi kupitia Bondo ilizibwa. Yule ambaye neno lake la Kiswahili lilikuwa limeutaja ugonjwa wa nchi hakupewa kiti katika Bunge lililoruhusu Kiswahili, kwa muda wa miaka kumi na minane. Yaliyomo katika kumbukumbu rasmi kutoka kinywani mwake kabla ya 1969 ni Kiingereza, na ndiyo sababu wanaomsoma humwona kuwa msemaji mzito, wa kanuni, asiye na mzaha. Waliomsikia kando ya ziwa humkumbuka kwa mengine kabisa.

Alirudi bungeni baada ya uchaguzi wa Desemba 1992, akiwa na umri wa miaka themanini na moja hivi, kiongozi wa FORD-Kenya na wa upinzani rasmi. Kipindi hicho kilikuwa kifupi na hakikumwongezea sifa. Mwaka 1993 alianza kuhimiza ushirikiano na KANU ile ile, na akakiri kupokea shilingi milioni mbili kutoka kwa mfanyabiashara aliyehusishwa na kashfa ya Goldenberg, akisema ni mchango. Wafuasi wake walitoa sababu, nazo zina uzito: Nyanza ilikuwa imenyimwa barabara, viwanda na vyeo kwa miaka ishirini na mitano, na mzee alitaka kuona kitu kabla ya kufa. Lakini msamiati umebadilika hapa, na mhakiki hawezi kuupuuza. "Ushirikiano" ni nomino iliyotokana na kitenzi cha kutendana. Hudai kuwa pande mbili zimeshika mzigo mmoja kwa mikono iliyo sawa. Ni "na" ile ya 1960 iliyorudi ikiwa imevaa viambishi. Odinga alifariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994, na hakuishi kuona kama upande wa pili ungeushika mzigo huo.