Programu ya kusimamia miradi: nani ataijaza?

Ndugu wahitimu, juzi niliona tena tangazo la kazi hapa Butembo: wanatafuta mtu wa kufuata miradi, "awe anajua Trello na MS Project". Wengi tulikimbilia YouTube kujifunza. Si vibaya. Neno langu ni kwa wale wanaochagua programu hizo.

Nilifanya kazi kwenye mradi mmoja wa maji, jina naliacha. Chefu alituletea programu nzuri kwa macho: kila kazi ina kadi yake, unaivuta toka "bado" mpaka "imeisha". Bironi, kwenye paneli za jua na intaneti, ilitembea. Lakini wenzetu wa Beni na Oicha walinunua mega kwa mfuko wao. Rezo ikikatika, kadi haisogei. Baada ya miezi miwili ukweli wote wa mradi ulikuwa WhatsApp, na kadi zilijazwa usiku mmoja kabla mfadhili hajapita. Tukawa na kazi mbili: kufanya, na kuonyesha kama tunafanya.

Sasa tazameni Go.Data, programu ya OMS iliyotumika hapa kwetu wakati wa Ebola, ule mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 wakiwa wamekufa. Kila aliyekutana na mgonjwa alipaswa kufuatwa siku 21. Programu yenyewe ni ya bure. Unaweza kuiweka kwenye kompyuta moja bila intaneti, na ajenti anaandika kwenye simu bila rezo, kisha anatuma akiipata. Sisemi ilimaliza shida. Familia ikikufungia mlango, ao barabara ikifungwa sababu ya usalama, hakuna programu itakayokufungulia. Na bajeti huwezi kuifuata nayo. Lakini walioitengeneza walijiuliza kwanza ajenti amesimama wapi. KoboToolbox pia, fomu zake zinajazwa bila rezo.

Excel je? Watu wanaicheka. Kwa mradi wetu ule, faili moja yenye mwenyewe mmoja, inayotumwa kila Ijumaa, ingetosha kabisa. Ubaya wake naujua: leo "final", kesho "final2", kesho kutwa hakuna anayejua ya kweli njo gani. Njo maana nasema mwenyewe awe mmoja.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye interview. Wakaniuliza kama najua Trello. Nikajibu ndiyo, alafu nikauliza: ajenti wa Oicha, mega atalipiwa na nani? Wakatazamana.